Nyama Kaidi

Balangdalalu, Hanang
9 Februari 2025

Shangazi yangu Judica,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Endagikot, na kwamba ule mguu wako hausumbuliwi tena na baridi. Baba mpe shikamoo yangu. Brightness mwambie nimesikia ameanza kidato cha kwanza, nimefurahi sana, ila mdogo wangu huyo aache viatu vyangu. Sisi hapa tu wazima. Mtoto amepewa jina la babu yake mzaa baba, Abel. Ana sauti ya mpiga mnada. Akilia, ndama wanamjibu.

Utashangaa kuletewa barua wakati kila mtu ana simu. Yangu ilipasuka kioo nikiwa na mimba. Imebaki ya mume wangu, na hapa simu ikiita Nikolausi anaiweka spika katikati ya ua ili mama yake asikie, na waliokuja kuomba maji nao wasikie. Ninalotaka kukuambia si la spika. Ndiyo maana nampa Basili, yule muuza vitunguu swaumu wa Dongobesh anayeshuka huku kila mwezi kwenye mnada. Ameapa hafungui, na mimi kwa usalama nimeibandika kwa ugali.

Shangazi, ni hivi. Nilipojifungua nilichanika vibaya, nikashonwa. Niliambiwa baada ya majuma machache nitakuwa sawa. Sasa Abel anacheka na kugeuka mwenyewe, na mimi bado nakalia upande mmoja. Mshono uliachia sehemu, na palipoachia pameota kitu chekundu, laini, kinachotoa damu hata kikiguswa na nguo. Nikienda haja nauma kitenge nisisikike. Jirani mmoja amesema ni kansa. Mwingine amesema nimevunja mwiko. Baba nilimwambia tu kwamba sijapata nguvu, akanijibu, vumilia mwanangu. Neno hilo nimeambiwa na watu wote isipokuwa Abel, na ni kwa sababu hajaanza kusema.

Wewe umewashika mikono wanawake wengi wakizaa. Niambie ukweli, hii ni kawaida? Sitaki kufa kwa aibu.

Mwanao,
Fabiola


Endagikot, Mbulu
11 Machi 2025

Mwanangu Fabiola,

Marahaba, na Tumsifu Yesu Kristo. Mguu upo, unaniambia mvua inakuja kabla redio haijatangaza. Baba yako mzima, amepanda maharage shamba la chini na analalamika kama kawaida. Brightness anasema viatu vyako vinambana, na anaendelea kuvivaa.

Hicho kitu si kansa. Waambie majirani wako wafunge midomo. Hilo ni joto la uzazi lililobaki ndani kwa sababu hukukandwa. Ungejifungulia kwangu ningekukanda kwa maji ya moto mpaka ulie, na leo ungekuwa unalima. Nimempa Basili mfuko wa majani. Chemsha mpaka maji yawe meusi, tia chumvi, kalia mvuke yakiwa bado yanachoma. Utaumia. Vumilia, nami nalisema neno hilo hata kama hulitaki.

Hukuandika Nikolausi anasemaje. Yule kijana aliyekaa kwa baba yako na adabu nyingi, akaapa mbele ya padre, anasemaje? Na mama yake mvaa ngozi, anakusaidia au anakutazama tu? Nilisema tangu mwanzo binti yetu asiende kuishi bondeni na Wamang'ati. Sikusikilizwa, basi. Kula mayai na unywe maji mengi.

Shangazi yako,
Judica Sulle


Balangdalalu
13 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka inayokuja. Mvua zimetunyeshea vizuri. Abel anatambaa na kula udongo.

Majani yako yalifika salama. Usikasirike, mbuzi wameyala. Wanaendelea vizuri, hakuna hata mmoja mwenye joto la uzazi.

Badala yake nilikwenda hospitali. Sikuomba ruhusa, maana nilijua jibu. Nilimfunga Abel mgongoni nikapata lifti ya lori la mahindi mpaka Katesh, nimekaa upande wangu uleule mmoja, dereva akidhani nimemgeuzia mgongo kwa dharau. Nesi anaitwa Paskalina. Alitazama bila kukunja pua. Akasema si kansa, wala hakuna mwiko uliovunjwa. Ni nyama mpya. Kidonda kikiwa kinajitahidi kufunga, mara nyingine nyama inaota kwa fujo, inapita ukingo, halafu ngozi inashindwa kuipanda juu ili ifunge. Kumbe muda wote huu nadhani mwili wangu mvivu, na wenyewe unajitahidi kupita kiasi!

Akachukua kijiti chembamba chenye dawa kichwani, akaigusa ile nyama. Ikageuka kijivu palepale. Iliwaka, shangazi, nililitaja jina lako. Itabidi nirudi na kurudi mpaka isiote tena. Masharti yake ni haya: kunawa kwa maji safi ya uvuguvugu basi, hakuna ya kuchoma, hakuna majani, kukausha taratibu kwa kitambaa safi, nisinyanyue ndoo, nile vizuri nisipate choo kigumu, na mume asinisogelee mpaka nesi mwenyewe aseme pamefunga. Nikamwambia nyama hiyo kaidi kama mimi mwenyewe. Akajibu, "Basi tutaona kati yetu watatu nani kaidi zaidi." Nilimweleza na habari za mvuke wako. Akauliza, "Shangazi yako anaishi wapi?" Sikukutaja.

Ng'ombe wa Nikolausi wanaendelea vizuri. Yule mwenye pembe zilizoinama amezaa jike. Fahali mweusi amenenepa mpaka anang'aa, wachuuzi walimtaka mnadani, Nikolausi akawafukuza. Anasema yule hauzwi, yule ndiye jina lake mbele ya watu. Kila asubuhi anamwimbia kabla ya kumsalimia mtu yeyote.

Mwanao,
Fabiola


Endagikot
10 Mei 2025

Fabiola,

Marahaba. Tu wazima wote, maharage yametoka.

Habari ya mbuzi ilinikasirisha kutwa nzima, halafu jioni nikacheka peke yangu jikoni. Nikamwendea nesi wa hapa, nikamwuliza kwa niaba ya mtu fulani. Akaniambia maneno yaleyale ya Paskalina wako, utafikiri wamelelewa nyumba moja. Basi, na mimi sasa nawaambia wazazi maji ya uvuguvugu. Wananitazama kama nimehama dini.

Lakini mimi si mtoto mdogo. Umeniandikia ng'ombe wa Nikolausi, pembe zao, uzazi wao, mpaka nyimbo wanazoimbiwa. Juu ya Nikolausi mwenyewe hakuna hata neno moja. Nilikuuliza waziwazi na ukanipitisha zizini. Nimesuluhisha ndoa za watu muda mrefu, najua mwanamke akinyamaza hivyo ana maana gani.

Funga mizigo. Nimemwambia Basili akupandishe mnada ujao, wewe na mtoto. Chumba cha nyuma nimekifagia na godoro nimelianika. Baba yako sijamwambia kitu, atakuona tu umefika.

Shangazi yako anayekungoja,
Judica


Balangdalalu
8 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Siji.

Soma kwanza mpaka mwisho. Nikipanda huko nitakuwa binti aliyerudi mgonjwa. Watu watakuja kunipa pole na kuchungulia ninavyokaa kitini. Abel huku ni mtoto wa ukoo wa baba yake, watamfuata, na mimi bila Abel siwezi. Tena Paskalina yuko huku. Nimeshamrudia, ile nyama imepungua lakini haijaisha. Nataka nipone hapahapa nilipoumia.

Sasa nakujibu. Mwanzoni Nikolausi hakusema kitu. Baadaye akaanza, mshono gani huu usioisha, mbona mbuzi wanazaa na kupona. Akasema nikienda tena hospitali nisirudi. Nikaenda, nikarudi. Alipotaka nilale naye nikamweleza masharti, akasema yeye hapangiwi na nesi ndani ya nyumba yake. Nikakataa. Akanizaba kofi nikiwa nimempakata mtoto. Nikamwambia, "Ongeza la pili, halafu ukamweleze mama yako."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Alitazama. Akaweka kibuyu chini, akamchukua Abel mikononi mwangu, akatoka naye nje bila kusema neno. Tangu siku ile mama Juliana haniongeleshi. Asubuhi ananiletea maziwa, anaweka, anaondoka. Kofi lile limepoa, lakini ukimya huu unaniuma mpaka leo. Nilidhani ameanza kunipenda.

Na sasa kuna jambo jingine. Amekuwa akizunguka boma hadi boma akiwaita wanawake. Wameanza kukusanyika kule uwandani, wamevaa ngozi zao, na fimbo mkononi. Nimewasikia wakitaja jina langu. Nadhani wanakuja kunihukumu kwa kumnyima mume. Sawa, waje. Naogopa, sikufichi. Lakini sitaomba radhi kwa kidonda.

Basili anapiga honi.

Mwanao mkaidi,
Fabiola


Endagikot
20 Julai 2025

Fabiola,

Uko wapi?

Basili amerudi na magunia yake ya vitunguu yote. Mnada umefungwa, karantini, ng'ombe wa huko wanaugua midomo na miguu. Hakuna barua. Nimeshindwa kuvumilia nikapiga simu. Nilijua ni spika kwa sababu nilisikia ng'ombe. Mume wako akasema, "Shikamoo, shangazi," kwa sauti ndogo kama mtu aliyekabwa na mfupa. Nikamwambia nipe mwanangu. Akasema, "Yuko na akina mama, sisi wanaume hatusogei kule." Nyuma yake nikasikia wanawake wengi wanaimba. Wanaimba nini, Fabiola? Wanakuimbia wewe? Kabla sijauliza mtandao ukakata.

Nimesali rozari nikachanganya mafumbo. Nikaacha kusali, nikatoka nje nikaanza kunoa jembe, na baba yako akauliza jembe gani linanolewa Jumapili. Karantini ikifunguliwa nashuka mwenyewe na mguu wangu huu mbovu. Wakikugusa, watajua kwamba na sisi Wairaqw tuna fimbo.

Judica


Balangdalalu
24 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mnada umefunguliwa na barua yako imenifikia, usishuke. Weka jembe chini, halafu utafute pa kukaa.

Walikusanyika majuma kadhaa, kisha walinifuata kweli. Nilivaa kitenge changu cha harusi ili wasinione nimenyong'onyea, nikaenda nimenyoosha shingo. Walikaa chini mbali na nyumba, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pamoja. Mwanaume yeyote aliyetokea kwenye njia alizomewa mpaka akageuka, hata mzee mwenye ng'ombe wengi kuliko wote kata hii alizunguka kwa mbali na mifugo yake. Mama Juliana akasimama, Abel mgongoni, akaanza kusema Kidatoga kwa hasira. Mimi Kidatoga nakipata nusu. Niliposikia jina langu na neno la mume, nikaruka nikasimama: "Mama, mimi sihukumiwi kwa kuumwa! Kama mnataka mwanamke wa kulazwa na kidonda, mtafuteni mwingine!"

Jirani yangu Monica akanivuta kitenge. "Kaa chini wewe. Kesi si yako. Mshtakiwa ni Nikolausi."

Shangazi, hapa kwao mwanaume hamnyanyulii mkono mwanamke aliye kwenye uzazi. Kosa hilo si la nyumba moja, ni la wanawake wote, na wanawake wanalihukumu wenyewe. Mama Juliana ndiye aliyemshtaki mwanawe. Ukimya wake ulikuwa wa adabu ya kesi, ndivyo alivyonieleza baadaye: mwenye kushtaki haongei na aliyeonewa, watu wasije wakasema wamepanga maneno. Na mimi nilikuwa nayanywa maziwa yake kwa kinyongo!

Lakini haikuwa rahisi. Bibi mmoja alisema kesi haipo, mtoto anatambaa na ana meno, uzazi wa mwanamke huyu uliisha zamani, mumewe ana haki. Wengine wakaguna kukubali. Hapo mama Juliana akanigeukia, mara ya kwanza tangu siku ya kofi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha shida, "Sema wewe. Imeisha?"

Lile nililokataa kuliweka spika, ikabidi niliseme mbele ya kata nzima. Nikalisema lote. Kuchanika, mshono ulioachia, nyama iliyoota, kijiti, damu kwenye nguo, kuuma kitenge nikienda haja. Monica akatafsiri bila kupunguza. Nilianza kwa kuangalia chini. Nilipofika katikati nikawa nawaangalia machoni, maana niliona wanawake wanaitikia kwa vichwa, mmoja wao mtu mzima wa umri wako analia. Kumbe yeye mshono wake haukufunga kamwe, na hakuwahi kumwambia mtu. Bibi wawili wakanizungushia ngozi pembeni, wakatazama kwa macho yao. Wakarudi, na yule yule aliyekuwa anapinga akasema neno moja: bado.

Ikawa basi. Kidonda cha uzazi kikiwa wazi, uzazi haujaisha. Nikolausi akatozwa fahali. Si fahali yeyote, yule mweusi. Alikataa. Wakaanza kuimba, na ukiwasikia wanawake hawa wakiimba kumlaani mtu utaelewa sauti ile uliyoisikia kwenye simu. Kulipokucha alimleta mwenyewe, amemshika kamba, haangalii mtu. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo sana. Wakamchinja wakamla wenyewe, wanaume walipata harufu. Mimi nilipewa ini na mchuzi, nikaambiwa nimalize, na nikamaliza.

Siku hizi nikienda kwa Paskalina mama Juliana anakuja nami, anambeba Abel. Amemwambia Nikolausi mbele yangu kwamba ndoo za maji ni zake mpaka atakapoambiwa. Ile nyama imeguswa tena na haijarudi, ngozi imeanza kuingia kutoka pembeni. Nikolausi analala kwenye banda la ndama, na asubuhi sasa ananisalimia mimi kwanza, maana hana wa kumwimbia.

Na usiwaite tena Wamang'ati. Ni Wadatoga, ni wakwe zangu.

Mwanao,
Fabiola


Endagikot
21 Septemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Baba yako nilimsomea sehemu ya fahali tu. Akasema kumbe si jambo la kuvumilia lile. Nikamwambia ndiyo, kaka, leo umejua.

Kisha nikaisoma kwenye jumuiya yetu, akina mama peke yetu, bila kutaja jina. Wote walijua ni wewe. Nilipofika kwenye lile neno bado, wakaniomba nilirudie. Halafu Alfredi aliyekuwa nje anangoja mkewe akakohoa, na wanawake watu wazima, wacha Mungu, wakamzomea mpaka akaondoka getini.

Sasa nisikilize. Unamkumbuka Yohanes, kiongozi wa kwaya? Mkewe amejifungua, ameshonwa, na mumewe ameshamrudisha shambani kuvuna. Juzi nimemkuta mama wa watu amekaa shambani anamenya mahindi, amekalia upande mmoja. Nikamwuliza, akasema anavumilia. Sisi huku tukionewa tunasali, tunaimba, tunakwenda nyumbani. Niandikie utaratibu wa hao akina mama. Wanakaa wapi, nani anaanza kusema, na kama mtu hana fahali inakuwaje? Yohanes ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa.

Mama Juliana msalimie sana. Mwambie nilimwita jina lisilo lake na nimelirudisha.

Shangazi yako,
Judica


Balangdalalu
19 Oktoba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Abel amesimama mwenyewe, akaanguka, akasimama tena akiwa amekasirika. Unajua ukaidi huo alikoupata.

Paskalina amesema pamefunga. Alinitazama mara mbili, akatupa glovu, akasema, "Umeishinda." Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje, lile la mbao, nikalikalia lote, kulia na kushoto, nikalia machozi watu wakaja kuuliza nimefiwa na nani. Mama Juliana akawaambia hakuna aliyekufa, ondokeni.

Nikolausi aliuliza nesi amesemaje. Nikamwambia nesi amekubali, lakini mimi bado sijasema. Akajibu, "Sawa, utasema wewe." Akachukua ndoo akaenda kisimani. Nitasema siku nitakayotaka, na huenda isiwe mbali, maana amejifunza kubembeleza mtoto na anaimba vizuri.

Kuhusu utaratibu, nilimsomea mama Juliana barua yako, Monica akamtafsiria. Amenikataza kukuandikia. Anasema haya hayaandikwi, yanafanywa. Ng'ombe wa maziwa hachinjwi, hukumu yake ni kwamba maziwa yote anywe mwenye kidonda mpaka bibi wawili waseme pamefunga, na Yohanes akamue mwenyewe. Lakini kwanza, anasema, lazima mtu awaonyeshe namna ya kuanza wimbo.

Kwa hiyo anapanda huko na Basili mnada ujao. Hajawahi kufika milimani. Ameuliza baridi ya Endagikot ikoje, nikamwambia achukue sweta, akakataa, anakuja na ngozi yake na fimbo yake kama alivyo. Lianike tena lile godoro la chumba cha nyuma. Baba mwambie anakuja mgeni wa heshima. Yohanes usimwambie kitu.

Mwanao aliyepona bila kuvumilia,
Fabiola